Chakula cha Mgeni

Tangu Kezia avushwe Mto Mara na kuletwa Nyamwaga kuolewa, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Siku ile ya kwanza watu waliuliza, "Nani huyu?" wakajibiwa, "Mgeni wa kwa Werema," na neno hilo likamganda. Misimu ya wimbi ilikuja ikapita. Alilima na kuvuna kama wao, akajua kila jiwe la njia ya kwenda kijitoni, lakini akikutana na wanawake wenzake walimwambia, "Mgeni, umeamkaje?" Naye aliitika. Mtu mwenye sauti ndogo kama yake hawezi kusimama njiani kuwasahihisha watu wazima.

Mumewe, Mwikwabe, alikuwa Nakuru, upande wa Kenya, akikamua ng'ombe wa mzungu. Alikuwa amekuja nyumbani mara moja tu, akakaa mpaka mvua zikakatika, akaenda tena. Mama mkwe alifariki kabla Kezia hajaolewa. Kwa hiyo waliobaki katika boma lile ni wawili, yeye na baba mkwe wake, mzee Werema. Na kwa Wakurya mke wa mwana na baba mkwe hustahiana. Hawakai wakatazamana na kupiga soga. Kezia alipika, akaweka chakula juu ya kigoda nje ya mlango wa mzee, akakohoa kidogo, akaondoka. Mzee alitoka akala peke yake. Kezia naye alikula peke yake jikoni.

Lakini watu wawili hawawezi kukaa boma moja bila neno kabisa, basi walitafuta njia. Mzee alisema na mbwa wake. "Wewe mbwa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "leo kuna baridi. Mtu angepata uji wa moto angeshukuru." Kezia alisikia, akakoroga uji. Naye akiwa na la kusema alimwambia ndama aliyefungwa kando ya jiko. "Ndama wewe, chumvi imekwisha." Mzee akienda gulioni, chumvi ilikutwa juu ya kigoda. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hawakuwahi kukosana. Lakini mazungumzo ya namna hiyo hayamtoshi mtu aliyezaliwa katika nyumba ya dada wengi.

Juu ya meko yake, kwenye fito za dari, Kezia alikuwa ametundika kipande cha kimoro. Ndivyo kwao wanavyoita nyama ya porini iliyokatwa mikanda mirefu na kukaushwa juani. Kaka yake Joram alimletea furushi zima kutoka Kisaka kabla mto haujajaa. Mikanda mingine aliipika ikaisha, lakini huu wa mwisho hakuupika. Jioni akimaliza kazi aliushusha, akaunusa, akaurudisha mahali pake. Ulinuka moshi wa nyumba ya mama yake.

Kitu kimoja tu kilimtoa nje ya boma, nacho kilikuwa Chama cha Vyungu.

Chama hicho kilianza na mafundisho ya misioni. Wanawake walifundishwa kushona, kuogesha watoto na kupika, na mafundisho yalipokwisha wengi walirudi kwenye mashamba yao. Wachache waliopenda jiko kuliko sindano waliendelea kukutana nyumbani kwa Philomena, mke wa Athanas mwalimu wa dini. Walikuwa Philomena mwenyewe, mwenye nyumba ya bati na maneno mengi; Wegesa, mtu mzima, mkali wa chumvi na wa kila kitu; Waisiko, mjane mnene aliyecheka mpaka machozi; na Kezia, ambaye alikaa karibu na mlango.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Walichagua jambo moja, na siku ikifika kila mtu alileta chungu chake kinachohusu jambo hilo, wakala pamoja na kukosoana. Ilikuwapo siku ya ndizi, ikawapo siku ya mboga za majani. Kanuni zao zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, ndani ya chama wanasema Kiswahili, kwa sababu Philomena alisema chama bila Kiswahili ni kilabu cha pombe. Ya pili, atakayekuja mikono mitupu ataosha vyungu vya wote.

Mchana mmoja, wimbi likiwa limekwisha kuvunwa na watu wana nafasi, walikutana kupanga siku nyingine.

"Safari hii tupike nini?" Philomena aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti, wengine mkekani.

"Siku ya maharage," Waisiko alisema.

"Maharage?" Wegesa alimgeukia. "Na wewe ulivyo, tukae nyumba moja na wewe umeshiba maharage? Mimi nina moyo mbovu."

Waisiko alicheka akapiga paja lake. "Mama Wegesa, si tutakaa nje!"

"Hata nje. Upepo wa hapa hauaminiki."

Kezia aliziba mdomo kwa kiganja. Alipenda sana saa hizi. Hakusema neno, lakini alikwenda nazo nyumbani, na akipalilia peke yake alizikumbuka akacheka.

Moto ulikuwa unafifia. Philomena alitazama mlangoni. "Mgeni, tuletee kuni mbili tatu hapo nyuma."

Kezia aliondoka. Kila mara aliyetumwa alikuwa yeye, maana ndiye mdogo, tena ndiye aliye karibu na mlango. Kuni za juu zilikuwa zimelowa umande wa asubuhi, ikambidi afukue za chini. Na alipokuwa huko nyuma anafukua, ndani walisema jambo ambalo angelisikia asingepatwa na yaliyompata.

"Nimepata," Philomena alisema. "Tufanye chakula cha mgeni. Kila mmoja alete kile anachompikia mgeni wa heshima akimfikia ghafla nyumbani."

"Hapo sawa," Wegesa alisema. "Mimi nitachinja jogoo."

"Jogoo gani? Yule wa shingo tupu?" Waisiko aliuliza. "Mgeni atadhani umempikia tai."

"Utamlamba huyo tai mpaka mifupa. Wewe utaleta nini?"

"Matumbo ya mbuzi na ugali wa wimbi. Mgeni wangu mimi akiondoka analala njiani, hafiki kwao."

"Mimi nitapika wali," Philomena alisema, na sauti yake ikapanda kidogo, kwa sababu wali ulikuwa unatoka dukani kwa Mhindi, Tarime, na si kila nyumba iliupika.

Kezia alirudi na kuni kifuani. Alipofika mlangoni alimkuta Philomena anafunga maneno.

"Basi imepita. Jumamosi ijayo, hapa hapa, tunampikia mgeni. Tena tumpikie ajute kwa nini hakuja mapema!"

Wote walicheka. Kezia alipoingia wakanyamaza, kwa sababu upepo ulioingia naye ulitawanya moshi wa meko, Wegesa akapaliwa akaanza kukohoa. Lakini Kezia hakuufikiria moshi. Aliona kicheko kimekatwa ghafla, kama watu waliofumaniwa wanapanga jambo juu ya mtu. Kwa jicho, mtu aliyesoma anaweza kutenganisha jina na neno kwa herufi kubwa. Kwa sikio, mgeni ni mgeni.

"Umesikia, Mgeni?" Philomena alimwuliza.

"Nimesikia, mama."

"Jumamosi. Utaweza?"

Kezia alidhani anaulizwa kama ataweza kuja. "Nitaweza."

"Usituangushe, eh? Wewe ukishindwa, siku yenyewe imeharibika."

"Sitawaangusha," Kezia alisema, akainama kupanga kuni mekoni ili wasione uso wake.

Akaenda nyumbani kwa njia ndefu. Watu wazima wale watatu, wenye vyungu vikubwa na sauti kubwa, wamekaa kumpangia yeye chakula. Alijiuliza ni nani aliyeanza kusema. Labda Waisiko. Labda waliona jinsi anavyokaa mlangoni. Labda waliambiana, huyu binti hana mama hapa, hana dada, mume yuko mbali, tumpikie siku moja ajue kwamba ana watu. Kila alipolifikiria alisimama kidogo, halafu akaendelea kutembea.

Jioni alimpa ndama maji, akakaa naye.

"Ndama wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kawaida, "usimwambie mtu. Jumamosi wanawake wa chama wananipikia. Mimi."

Mzee alisikika akikohoa mlangoni kwake.

"Mbwa," mzee alisema, "umesikia hayo? Katika kijiji hiki watu hawapikiwi ovyo. Anayepikiwa amependwa."

Juma lile Kezia alifanya kazi bila kuchoka. Hakuwaza kupika chochote. Kwao Kisaka, na hata hapa Nyamwaga, mtu aliyealikwa akapikiwa haji na chungu chake. Kufanya hivyo ni kumtukana mwenyeji, ni kumwambia kwamba chakula chako hakitoshi au hakina ladha. Mgeni anakuja na mikono yake, mwili wake na njaa yake. Alilifua gauni lake la kanisani akalianika kwenye ua, akashona mahali palipoachia kwapani. Jumamosi asubuhi alimpikia mzee mapema, akajipaka mafuta miguuni, akasubiri jua lipande. Mgeni wa heshima hawahi. Akiwahi anawakuta wenyeji wana majivu mikononi, anawatia aibu.

Alipotoka jikoni aliona juu ya kigoda cha mzee kitu chekundu kimekunjwa. Chakula cha asubuhi kilikuwa kimeliwa, na bakuli limewekwa chini, pembeni. Juu ya kigoda palikuwa na kitambaa cha kichwa, kipya kama cha jana, kinachonuka sanduku la bati.

Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa, lakini sauti ilitoka.

"Mbwa, hicho ni cha marehemu mama yao. Alikivaa siku za kualikwa tu. Sasa kimekaa ndani bila kazi. Mtu anayepikiwa na watu hawezi kwenda kichwa wazi."

Kezia alikichukua kwa mikono miwili. Alikifunga, akaenda.

Nyumbani kwa Philomena mkeka ulikuwa umetandikwa uani, kwenye kivuli cha nyumba. Vyungu vilikuwa vimepangwa vimefunikwa majani ya mgomba, na harufu ya samli ilimpokea njiani. Kichwani pa mkeka kilisimama kiti cha Athanas, kile chenye mikono, kimewekewa kitambaa cheupe. Philomena alikuwa amekitoa ili mumewe akitoka kanisani aketi aonje kila chungu na kusema kipi kimeshinda.

Kezia alikiona kiti kile akajua mara moja ni cha nani.

"Hodi," alisema.

"Karibu, karibu! Umechelewa, Mgeni, tulitaka kukutafuta," Philomena alisema huku akipanga masahani. "Na leo umependeza. Kitambaa hicho!"

"Karibu ukae," Waisiko alisema bila kutazama, akitafuta mwiko wake.

Kezia aliwaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, akapita kando ya mkeka, akaketi kwenye kiti cha Athanas. Alikaa kwenye ncha yake tu, magoti pamoja, mikono mapajani.

Wegesa alimwona wa kwanza. Philomena aligeuka, akaona, akabaki ameshika sahani. Mwanamke kukaa kiti cha mwenye nyumba, tena binti mdogo, tena yule asiyesema! Lakini walidhani labda anaumwa, labda jua limempiga njiani. Waliangaliana wakaliacha.

"Haya," Philomena alisema, "tufungue vyungu. Mama Wegesa, anza."

Wegesa aliondoa jani la mgomba. Jogoo alikuwa amelala katika mchuzi mzito, mwekundu wa mafuta. "Bibi yangu hakuonja kuku mpaka anaingia kaburini," alisema. "Mwiko kwa mwanamke, walimwambia. Akifufuka leo akaniona nashika paja, atakufa tena."

"Na huyu kuku akifufuka akajiona hana manyoya hata shingoni, hatashtuka, amezoea," Waisiko alisema, akafunua matumbo yake ya mbuzi. Philomena akafunua wali, mweupe, punje moja moja, akasubiri wausifu. Wakausifu.

Kezia alitazama vyungu vyote vitatu. Vyote vyake. Macho yalimwuma, akasema moyoni kwamba ni moshi.

"Haya, Mgeni," Philomena alisema. "Zamu yako."

Kezia alitabasamu. Alidhani zamu yake ni ya kula. Aliinuka kidogo kitini akanyoosha mikono mbele ili anawishwe.

Hakuna aliyeleta maji.

"Chungu chako kiko wapi?" Wegesa aliuliza.

"Chungu?"

"Chungu chako. Chakula. Umeleta nini?"

Kezia alitazama nyuma yake, kana kwamba chungu kingeweza kuwa kimemfuata chenyewe njiani. Hapakuwa na kitu. Kuku wa Philomena alikuwa anaparura mavumbi. Mikono yake ilikuwa bado mbele, imefunguliwa, akaishusha.

"Si tulisema chakula cha mgeni?" Philomena alisema. "Kila mmoja alete anachompikia mgeni. Nikakuuliza utaweza, ukasema utaweza."

Waisiko alimtazama Kezia, akatazama kitambaa chekundu, akatazama kiti. Likamjia lote kwa mara moja, na kicheko kikamtoka kabla hajakishika.

"Jamani! Alidhani mgeni ni yeye! Alidhani tunampikia yeye!"

Wegesa naye alicheka, kicheko kifupi cha kukwaruza. Philomena alicheka huku akisema, "Masikini, masikini," na kujifuta macho. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama wanavyocheka siku zote, kama walivyomcheka tai na maharage. Kezia aliziba mdomo kwa kiganja akacheka nao. Alipoona bado wanacheka, aliondoka kitini polepole, akakinyoosha kile kitambaa cheupe pale alipokuwa amekikunja.

"Ngoja nilete kuni," alisema.

"Kuni zipo, mwanangu, hebu kaa," Philomena alisema.

Lakini alikwisha kuzunguka nyumba. Alifika penye kuni akazipita, akapita kibanda cha mbuzi, akapita migomba, akaendelea kutembea. Hakuna aliyemfuata. Alisikiliza mpaka alipofika mbali, na hakusikia mtu akimwita. Wangemwita nani?

Bomani alipita haraka kwenye mlango wa mzee, lakini mbwa alibweka.

"Mbwa, nyamaza," mzee alisema. Halafu akauliza, "Walimpikia vizuri?"

Kezia alikuwa jikoni, gizani, amesimama. Alifungua kitambaa akakikunja mikunjo ile ile aliyokikuta nayo.

"Ndama wewe," alisema, "nimeshiba sana."

Jua lilikuwa bado juu, na mtu aliyepikiwa na watu hawezi kurudi jua likiwa juu. Hata ndama angelijua hilo. Kezia alisikia mzee akivuta kigoda, akikaa karibu na ukuta wa jiko, upande wa nje, mgongo ukigusa udongo. Hakuwahi kukaa karibu hivyo.

"Mbwa," mzee alisema taratibu. "Kuna jambo sikuwahi kuuliza. Kule Kisaka, ng'ambo ya mto, mgeni wa heshima akifika wanampikia nini?"

Kezia alikaa chini. Tangu aje hakuna aliyemwuliza neno lolote la kwao. Alikuwa amezikunja habari zote za kwao kama kile kitambaa, zikakaa ndani bila kazi.

"Ndama," alisema. Akampapasa ndama shingoni. "Ndama, kwetu mgeni akifika, mama anashusha kimoro. Anakitwanga kwenye kinu mpaka kinakuwa nyuzi nyuzi, anakichemsha, anakitia ufuta uliosagwa. Wageni wa kwenu wanapikiwa nyama ya zizini. Kwetu baba alikuwa anaitafuta kwa miguu yake. Siku hizi askari wa pori wanakataza, ndiyo maana ni kidogo."

"Mbwa," mzee alisema, "mimi sijaonja hiyo."

Kezia aliinua macho kwenye fito za dari. Alikaa akikitazama kipande kile mpaka shingo ikauma. Halafu alipanda juu ya jiwe, akakishusha. Alikinusa mara ya mwisho, akakitia kwenye kinu.

Harufu ilipojaa jikoni alilia kidogo, bila kuacha kutwanga.

Kilipoiva alimpakulia mzee sehemu yake, akaiweka juu ya kigoda pamoja na kitambaa chekundu. Kilichobaki alikitia kwenye chungu kidogo, akakifunika, akajitwika. Hakujua hasa anakwenda kufanya nini. Alijua tu kwamba alisema hatawaangusha, na kwamba mkekani pale palikuwa na nafasi ya chungu kimoja.

Nyuma yake alisikia, "Mbwa, kitambaa nimekitoa. Sikusema nirudishiwe." Hakugeuka, kwa kuwa alikuwa na chungu kichwani.

Jua lilikuwa linainama alipofika kwa Philomena. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Kiti kilikuwa kimerudishwa ndani, na mlango umefungwa. Philomena na mumewe walikuwa wamekwenda kanisani. Uani palibaki mifupa ya jogoo, kuku wa Philomena akiidonoa. Kezia alisimama pale na chungu chake kichwani. Angegeuka arudi, lakini alisikia mtu akikwangua sufuria huko chini kwenye kijito.

Alikuwa Waisiko, peke yake, ameingiza miguu majini, sketi imefungwa magotini. Vyungu vya watu vilikuwa vimetapakaa kwenye majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Waisiko alimtazama, akarudi kwenye kazi yake. "Umerudi. Mama Wegesa alisema hutarudi leo wala Jumamosi nyingine. Vyungu hivi ni vyako. Kanuni ni kanuni, aliyekuja mikono mitupu anaosha. Mimi nimekuanzia tu."

"Mama Philomena amesemaje?"

"Amesema wali umebaki. Hakusema zaidi." Waisiko alichota mchanga, akasugua. "Na mimi domo langu hili. Likicheka halina breki." Akainua macho. "Hicho kichwani ni nini?"

Kezia alitua chungu. "Chakula cha mgeni. Cha kwetu."

"Nimeshiba mpaka hapa," Waisiko alisema akigusa koo. Lakini alisuuza mkono, akauingiza ndani ya chungu, akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu. "Kina ufuta. Nyama yenyewe ya mnyama gani?"

"Nyumbu."

Waisiko aliacha kutafuna. Alitazama ng'ambo ya kijito, kama anayeangalia iwapo ndugu za marehemu mumewe wanamwona. Halafu akameza.

"Mimi na ng'ombe zetu wote wale, leo nimekula nyumbu," alisema, akachota tena. "Kaa hapa. Chukua hiyo sufuria ya wali, umeganda chini."

Kezia alivua viatu, akaingia majini. Maji yalikuwa baridi. Alichukua sufuria ya Philomena akaanza kuikwangua kwa mchanga na majivu. Waliosha pamoja. Sauti za watu wanaorudisha ng'ombe zilisikika juu, zikaisha. Punde Waisiko angejitwika vyungu vyake aende kwake, naye angerudi bomani, kwenye meko ambayo sasa hayana kitu juu yake. Aliliona hilo waziwazi kama anavyoiona mikono yake majini.

"Hivi wewe," Waisiko alisema, akikwangua, "kule kwenu walikuwa wanakuita nani?"

Kezia alisema jina lake. Lilitoka dogo sana, kama kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumiwa, na mchanga wa sufuria ukalifunika.

"Nani?" Waisiko aliuliza, bila kuacha kusugua.

Kezia angeweza kuliacha hapo. Mara nyingi aliyaacha mambo hapo. Aliiweka sufuria chini, kwenye majani, ili isipige kelele, akasubiri Waisiko amalize chungu alichoshika, akalitaja tena.